Ushauri: kamkoda ya kumrekodi babu (fundi wa majahazi) na safari za familia, ninunue au nitumie simu tu?

MwanaMkomani
Assalam alaykum wadau. Naandika kutoka Amu (Lamu), naomba ushauri kabla sijatoa pesa maana nikitoa ndio nshatoa.

Babu yangu mzaa mama ni fundi wa majahazi kule Matondoni. Sasa macho yamepungua nguvu hashiki tena tezo (kifaa cha kuchongea mbao), lakini ukimkalisha kivulini akaanza kuhadithia utakaa mpaka magharibi. Anakutajia kila kipande cha chombo kwa jina lake, mkuku (uti wa mgongo wa chombo, chini), taruma (mbavu zake), omo (mbele), tezi (nyuma), foromali (mti wa kufungia tanga), na anakueleza kwa nini taruma hili linatakiwa mti uliojipinda wenyewe sio wa kupindwa, na sisi vijana nusu ya hayo majina hatuyajui. Nataka nimrekodi vizuri, saa nzima nzima, sio vipande vya dakika mbili vya simu vinavyopotea kwenye WhatsApp. Alafu mwezi wa 12 tunasafiri familia nzima Malindi, tupitie Gede, Watamu na Marafa, na watoto wawili wanaokimbia kila upande.

Binamu yangu anakuja kutoka Marekani, ana Sony HDR-CX405 ameitumia kidogo ananiuzia elfu 18. Ni full HD, zumu mara 30, haina 4K. Kwa bei hio hio nimeona nyengine mpya mtandaoni ya jina nisilolijua wanasema 4K, megapikseli 48. Nichukue ipi? Au nibaki na simu?

KijanaWaWiyoni
Waalaykum salaam. Kaka baki na simu. Simu ya sasa ikiwa ni nzuri inashinda izo kamkoda ndogo hasa usiku, kwa sababu sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya CX405 ni ndogo sana, mwanga ukipungua picha inajaa chembechembe. Nunua stendi na memori basi.

VideoMalindi
Mimi napiga video za harusi hapa Malindi miaka kadhaa sasa, wacha niongee kwa kirefu kidogo.

Hio ya megapikseli 48 iache kabisa. Megapikseli ni hesabu ya picha mnato, na nyingi za aina hio sensa yake haifikii, programu inaongeza nukta za kubuni ili namba iwe kubwa. Zumu yake wanakwambia mara 16 lakini ni ya dijitali, yani inakata katikati ya picha na kuikuza, ukimvuta mtoto aliye mbali ufukweni unapata ukungu. Zumu ya kuangalia ni ya lenzi pekee. CX405 ina mara 30 ya lenzi kweli, Panasonic HC-V180 ina mara 50, Canon HF R806 ina 32. Na CX405 kioo cha lenzi yake ndani kinatulizwa ili picha isitikisike, ukiwa kwenye boti la kuvuka kutoka Manda utaona tofauti.

Simu ni nzuri, sikatai, lakini kwa mzee anayeongea saa nzima ina shida zake: inapata moto, inajaa, na mtu akipiga katikati ya hadithi ishakatika. Kamkoda unaibonyeza unaiwacha. Hata kamera nyingi za picha za zamani zilikuwa zinajizima dakika 29 na sekunde 59 kwa sababu ya ushuru wa Ulaya, kamkoda haina mambo hayo.

Kuna jambo ambalo hujauliza na ndio kubwa. Inatoka Marekani, kwa hivyo itakuwa ya mfumo wa video wa huko, NTSC, inarekodi fremu 60 au 30 kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50. Mchana nje hakuna neno, ila usiku ndani ya nyumba chini ya taa za tyubu na baadhi ya hizi za LED picha inapepesa, unaona mistari inatembea ukutani. Kamera ikiwa na njia ya kuweka shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) kwa mkono unaiweka 1/50 au 1/100 ya sekunde inatulia. Ikiwa haina, utarekodi mchana tu. Iliyonunuliwa Dubai ingekuwa ya PAL kama yetu (fremu 50 au 25 kwa sekunde), shida hio ingepungua.

BintiShela
Mwenye uzi, samahani naingia kwa uchungu kidogo. Nyanya yangu nilimrekodi siku moja tukiwa barazani juu huku Shela, wakati wa kusi, kamera ilikuwa nzuri kuliko hizo zote mnazotaja. Picha ni safi mpaka unahesabu nakshi za leso yake. Sauti yote ni upepo. Maneno yake hata nusu hayasikiki, na sasa hayuko nasi, Mungu amrehemu. Najua alikuwa anaimba wimbo wa kubembelezea mtoto kwa sababu nilikuwepo, lakini kwenye video naona midomo tu.

Kwa hivyo mimi swali langu kwa hio Sony ni moja: ina tundu la maiki? Babu yako utakachokihitaji ni maneno yake. Taruma unaweza kulipiga picha siku yoyote.

MwanaMkomani
Dada pole sana, Allah amrehemu nyanya. Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo la sauti hata kidogo. Nimemwambia binamu apige picha pande zote za kamera, nimeangalia, kuna HDMI na kikebo cha USB kimejificha kwenye mkanda wa mkono. Tundu la maiki silioni.

VideoMalindi
Hulioni kwa sababu halipo, CX405 haina. HC-V180 pia haina. HF R806 inalo, na la kusikilizia masikioni pia, na betri yake inakaa nje kwa hivyo unaweza kuweka kubwa zaidi, wakati ya CX405 inaingia ndani ni ile ile ndogo tu, itabidi uwe na mbili au tatu. BintiShela amesema neno la maana kuliko nilivyosema mimi.

Lakini usiitupe bado. Fanya hivi. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ichomeke kwenye simu, simu iingie mfuko wa kanzu ya babu ikiwa kwenye modi ya ndege, washa kinasa sauti. Kamkoda iwe kwenye stendi inarekodi picha. Mwanzo kabisa piga kofi moja mbele ya kamera. Baadae kwenye laptopu unatafuta lile kofi kwenye picha na kwenye sauti unayalinganisha, imekwisha. Saa nzima ikipita vitaachana kidogo, kwa hivyo piga kofi jengine kila babu akinyamaza kunywa kahawa.

KijanaWaWiyoni
Hii ya kofi sikuijua, naiba. Na mimi narudisha maneno, kwa hadithi ndefu kamkoda ina nafasi yake. Ila kwa Gede tumia simu, mle ndani ya magofu na miti ile mwanga ni hafifu.

MzeeWaJahazi
Wanangu, memori kadi angalieni. Nilinunua moja ya bei ya kutupa, imeandikwa GB 128, ndani ilikuwa haifiki hata robo, ikawa inaandika juu ya video za kwanza. Harusi ya binti yangu ilienda hivyo. Ijaribuni kwanza kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, itawaambia ukweli.

VideoMalindi
Sawa kabisa baba, ahsante. Kwa CX405 ni microSD, na ukitaka kurekodi kwa muundo wa ubora wa juu, XAVC S, lazima kadi iwe ya aina ya SDXC, kuanzia GB 64. Ubora huo unakula kama GB 22 kwa saa, kadi moja utapata saa mbili na nusu hivi. AVCHD, muundo wa chini yake, ya megabiti 24 kwa sekunde inakula GB 11 tu kwa saa na kwa mzee aliyekaa kitako hutaona tofauti kubwa.

Na chumvi! Ukitoka ufukweni usifute lenzi kwa leso wala kanzu, mchanga unaikwaruza. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndio ufute. Weka vifuko vya silika (vile vya kunyonya unyevu) kwenye mkoba.

BintiShela
Na mkialikwa kwenye shughuli za wanawake huko safarini kamera ibaki ndani ya mkoba, mama wa watoto aulize kwanza.

MwanaMkomani
Hilo limesikika dada.

Wadau nimefika hapa: binamu ameshuka mpaka elfu 14 na betri ya pili, nimemkubalia. Maiki ya kola nitanunua. Jana nimefanya jaribio kwa simu, nimekaa pwani alafu nimekaa uani nyuma ya ukuta, maneno yale yale, na ya uani yanasikika kama mtu yuko pembeni yako. Kwa hivyo babu atakaa uani, na vile vipande vya chombo tutamletea mbele yake avishike huku anavitaja. Nimemwambia, akasema "njoo na karatasi pia, nitakutajia na ya mtepe" (kile chombo cha zamani cha kushonwa kwa kamba). Sasa naogopa upepo utapenya kwenye maiki hata uani, ile manyoya ya kufunikia maiki inapatikana wapi?

VideoMalindi
Ninayo mawili ya ziada. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi la Mokowe, jina litakuwa ni hili la hapa, uende ukayapokee. Na mkuku urekodiwe wa kwanza, mzee asije akachoka kabla ya kuufikia.