Bibi kafiwa na shoga yake wa vitumbua, tumsaidieje kuanza upya?

Mjukuu wa Ngamiani:
Habari za leo wanajamvi. Bibi yetu ana miaka 71, tuko Tanga mjini. Shoga yake waliyekuwa wakichoma vitumbua pamoja kafariki, arobaini imepita wiki jana. Bibi bado anaamka saa kumi alfajiri, ila anakaa barazani tu hadi kunakucha. Ana presha, na wa kumkumbusha dawa alikuwa huyo huyo marehemu. Juzi alitaka kurudi kuchoma. Vikashika kwenye karai, vingine vibichi ndani, akalisukuma karai uvunguni. Mtaji wao, sh. 60,000, anao bibi. Tuanzie wapi?

Nesi Mstaafu:
Poleni sana, na mpe bibi pole yetu. Anzeni na presha. Hesabu vidonge vilivyobaki ulinganishe na tarehe aliyopewa, utajua ameruka siku ngapi. Asimeze viwili kufidia. Mpelekeni akapimwe na mumwambie daktari ukweli, kwa sababu zipo dawa za presha ambazo ukizikatisha ghafla presha hupanda kwa kasi. Akipanga dozi upya, ifungeni na jambo asilolikosa. Kama ni ya asubuhi, iwe akimaliza sala ya alfajiri, na vidonge vya wiki vikae kwenye kiboksi cha vyumba saba ili hata mtoto aone cha leo kimeliwa au la. Kituo cha serikali ulizieni dirisha la wazee, abebe kitambulisho.

Kulia na kumtaja marehemu si ugonjwa, msimkataze. Cha kuangalia ni nguo kuanza kumpwaya, kukosa usingizi zaidi ya wiki mbili, kuacha kuoga, kusahau mambo ya leo. Kwa wazee huzuni nzito hujificha kwenye usahaulifu na maumivu ya mwili, watu wakasema uzee. Akitamka kwamba bora naye afe, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Fundi Karai:
Kushika kwa karai kuna sababu. Likikaa mwezi bila kazi hushika kutu, mtu akalisugua kwa stilwaya, na ule utando wa mafuta ya siku zote ukaondoka. Lioshe, likaushe juu ya moto, paka mafuta kila shimo, liache lifuke moshi, futa kwa kitambaa, rudia mara tatu. Vitumbua vya mkupuo wa kwanza ni vya kulizoeza karai, msiviuze.

Ubichi wa ndani ni moto mkali: juu kunaungua, katikati bado uji. Mkaa uwe umeshika wote na umepungua nguvu. Sukari ikizidi nayo huunguza na kugandisha.

Anzeni na nusu kilo tu ya mchele, uloweke usiku kucha. Saga na tui zito la nazi moja hadi ukisugua kwa vidole usihisi chenga. Chota upawa mmoja wa rojo, upike uwe uji mzito, uache upoe, uurudishe. Huo uji ndio unaoshika hewa, kitumbua kikafumuka. Ukiurudisha wa moto unaua hamira. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kikombe, iliki. Kwa joto la Tanga ukiliumua rojo usiku linachacha, kwa hiyo saga saa kumi hiyo anayoamka, liumuke kwa muda wa saa moja hivi. Rojo likiwa jepesi vitumbua hunywa mafuta na kubaki bapa.

Na jiko lipandisheni juu ya matofali, bibi akae kwenye kiti cha kawaida. Kuinama kwenye kigoda kwa magoti ya miaka 71 kutamrudisha uvunguni yeye na karai lake.

Katibu wa Kikoba:
Kabla ya kununua hata mchele, malizeni hesabu. Andikeni fedha, wanachodaiwa wateja, nazi, mkaa na vyombo, mtoe madeni wanayodaiwa wao, kinachobaki gaweni kama walivyokubaliana. Fungu la marehemu wapeni warithi mbele ya mashahidi wawili, wote watie sahihi. Bibi akianza na fedha ya watu atakuwa anachoma huku moyo umemwelemea. Kama walikuwa kikoba kimoja, hisa za marehemu hulipwa kwa mrithi aliyeandikwa kwenye daftari.

Mjukuu wa Ngamiani:
Ahsanteni mno. Kuna jirani anasema yuko tayari kuchukua nafasi ya marehemu. Tumkubali?

Katibu wa Kikoba:
Mpeni kazi, nafasi ile msimpe. Kaa na bibi uandike kila alichokuwa akifanya marehemu: kugeuza vitumbua, kushika fedha, kukumbusha dawa, kuja jioni kupiga soga. Kugeuza kuwe kwa jirani, kwa ujira wa siku unaojulikana. Fedha ashike bibi mwenyewe, wewe uandike daftari. Dawa ni zenu nyumbani. Soga ya jioni asipangiwe mtu. Kuwe na mkeka na chai barazani baada ya alasiri, aje atakayekuja.

Fundi Karai:
Wiki ya kwanza achome siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Asiongeze mchele mpaka vyote viishe kabla ya saa mbili asubuhi.