Vyuo vya ustawi wa jamii, mnatuletea vijana wa fildi wanaojua kujaza fomu tu!

Wakuu, leo sipunguzi makali. Mimi najitolea kwenye kata moja huku Tandahimba, Mtwara, mambo ya watoto na familia, na wanachuo wa ustawi wa jamii wanakuja kwetu fildi. Vijana wenyewe wana moyo kweli, sina ugomvi nao, shida ni huko walikopikwa.

Juzi kati kuna binti alikatisha masomo kwa ujauzito, kashajifungua na anataka kurudi darasani, na ruhusa ya serikali ipo tangu Novemba 2021. Mwanachuo kaja na fomu yake, kamkalisha binti mbele ya mtendaji na mjomba wake (na mnajua huku kwetu mjomba ana sauti gani), anamuuliza nani kakupa mimba, nani anakulisha, haya saini hapa. Binti kimya. Kwenye fomu kikaandikwa "hatoi ushirikiano". HATOI USHIRIKIANO jamani!! Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inayompa mtoto haki ya kutoa maoni mwanachuo anaijua, nilimuuliza akanitajia fasta, kashaifanyia mtihani. Ila hajawahi kuonyeshwa hiyo haki inatendwaje ukiwa kwenye mkeka wa watu.

Tulipokaa wawili pembeni binti akafunguka, shule mbali, mtoto ananyonya, na bibi wa kumshika mtoto anashinda shambani anaokota korosho. Basi hapo ndo pa kuanzia! Unamsikiliza mwenye shida, mnabuni njia pamoja naye, mnaijaribu kidogo, ikigoma mnabadilisha. Hizo ndo fikra za kibunifu ambazo watu wa teknolojia na biashara wanafundishwa kila siku, sasa kwanini kwenye ustawi haki zikae kwenye somo lake, mbinu za kazi kwenye somo lake, na havikutani mpaka kijana anavaa joho? Wakati Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Ustawi wa Jamii tangu 2000 limeziweka haki za binadamu kwenye maana yenyewe ya kazi hii!

Walimu mliomo humu msinijibu kwa kunitajia mtaala. Niambieni tu, kwa huyo binti mwanafunzi wenu angeanza kwa kuuliza nini, wakiwa wamekaa wapi, na nani asiwepo.