Maji ya chupa yaliyopata moto garini

Mkaazi wa Likoni: Ndugu zangu, nikingoja feri, chupa ya maji niliyoiacha garini hupata moto kabisa, je, ni salama kumpa mwanangu maji hayo?

Jibu, Kisauni: Dada, chupa nyingi za maji ni za plastiki ya PET, ambayo hutoa ndani ya maji antimoni kidogo (aina ya madini yanayodhuru yakizidi), na kiasi hicho huongezeka zaidi joto likifika nyuzi 60 na kudumu siku nyingi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 20 za antimoni kwa lita ya maji. Saa chache za foleni hazinitishi, bali katoni iliyoanikwa juani wiki nzima mimi siinunui.

Jibu, Changamwe: Naongeza kwamba chupa iliyokwisha kutiwa mdomoni, ikiachwa katika vuguvugu, huzaa vijidudu, nami kwa mtoto nahofia hilo zaidi.