Kimaiyo alistahili kuondoka, au alibebeshwa mzigo wa wengine?

Mleta mada: Tarehe 2 Desemba 2014 wachimba mawe 36 waliuawa na al-Shabaab huko Koromey, Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, siku kumi tu baada ya abiria 28 wa basi kuuawa kaunti hiyo hiyo. Siku hiyo David Kimaiyo, Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, akang'atuka katikati ya muhula wake wa miaka minne. Nasema alionewa. Ujasusi una mkurugenzi wake, jeshi lina mkuu wake. Pale Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 2013, Recce (kikosi maalum cha polisi) walishaingia jengoni, KDF (jeshi la Kenya) wakaja bila mawasiliano ya pamoja, kamanda wa Recce akauawa kwa risasi za wanajeshi na polisi wakatoka. Amri moja haikuwepo.

Mchangiaji wa 1: Westgate nakubali, Mandera sikubali. Baada ya basi kushambuliwa ilijulikana wazi wanaowindwa ni wasio wenyeji. Siku kumi zinatosha kuorodhesha machimbo, kuwahamishia wafanyakazi mjini usiku na kupanga doria. Hiyo ni kazi ya kamanda wa polisi wa kaunti na OCPD (mkuu wa polisi wa eneo) wake, na wote wako chini ya Inspekta Jenerali. Usisingizie NIS, idara ya ujasusi, hapo.

Mchangiaji wa 2: Kinachoniuma ni namna alivyoondoka. Kifungu cha 245 cha Katiba kinamruhusu Rais kumwondoa Inspekta Jenerali kwa kushindwa kazi. Hakikutumika, ikaitwa kustaafu mapema. Kwa hiyo hakuna uamuzi ulioandikwa wa kosa lake, na anayerithi kiti harithi funzo lolote.

Mchangiaji wa 3: Ndivyo ilivyokuwa. Joseph Boinnet aliapishwa kumrithi Machi 2015. Aprili 2, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Shambulio lilianza alfajiri. Recce walikuwa Ruiru, karibu na Nairobi, na Garissa ni zaidi ya kilomita 300: wengine wakangoja ndege, wengine wakapita barabarani. Wakaingia bwenini jioni, na wakamaliza kwa muda mfupi sana. Kikosi kilikuwepo, usafiri haukuwepo. Na Boinnet akabaki kazini!

Mimi ningempima mkuu yeyote kwa nyakati tatu zilizoandikwa: tahadhari ilipopokelewa, kikosi kilipotoka kambini, kilipoingia eneo la tukio.

Mleta mada: Kwa kipimo hicho, ndugu, Mandera inamgusa Kimaiyo, nakubali. Lakini Garissa nayo imguse mrithi wake, pamoja na aliyekuwa na funguo za ndege asubuhi ile.