Safari ndefu ya leseni ya biashara: pwani yote, au Voi, au Wilson?

Mwana_wa_Mayungu

Hamjambo wote, na shikamoo kwa wakubwa. Niko Malindi, nina leseni ya binafsi na saa 131 kwenye logibuku, naelekea leseni ya rubani wa biashara. Julai hii natakiwa niruke ile safari ndefu peke yangu: jumla isiyopungua kilomita 540, yaani maili 300, na kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. (Maili zote nitakazotaja ni za baharini.) Ndege ni Cessna 172, nayo naipangia mwendo wa maili 105 kwa saa. Mwalimu wangu amekataa kunichagulia njia. Ameniambia nichague mwenyewe, kisha niitetee mbele yake.

Nimekaa na rula usiku kucha. Ya kwanza ni pwani tupu: Malindi hadi Manda (kiwanja cha Lamu) 76, Manda hadi Ukunda 147, Ukunda hadi nyumbani 71. Jumla 294. Ya pili ni bara: Malindi hadi Voi 94, Voi hadi Wilson (Nairobi) 161, kisha Wilson hadi Malindi moja kwa moja 228. Jumla 483. Nilijaribu pia Malindi–Manda–Mombasa–Malindi nikapata 266, nikaiacha.

Ya pwani ni chini ya saa tatu hewani, ya Wilson ni zaidi ya saa nne na nusu, na ada nalipiwa na mjomba anayeuza samaki. Kila dakika ina mtu aliyeitolea jasho. Ningependa kusikia kwa waliopita huko. Na jambo la pili: kishikwambi chenye GPS nikiweke gotini au nikiache?

Kijana_wa_Shela

Ndugu yangu, karibu Lamu, ila hizo 76 za Manda ni za rula. Ukiifuata rula, ukishaipita Ras Ngomeni unaingia Ghuba ya Ungwana na ufuo unakukimbia upande wa kushoto. Katikati ya ghuba utakuwa na zaidi ya maili 10 za maji hadi nchi kavu iliyo karibu. Injini ikizima, 172 huteleza hewani kama maili moja na nusu kwa kila futi 1,000 za kimo. Ukiwa futi 5,500 unazo maili 8. Hazitoshi.

Shika ufuo. Ngomeni utaijua kwa yale majukwaa ya chuma ya San Marco baharini, ambako Waitaliano walirusha satelaiti, ikiwemo ile iliyopewa jina Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Baada ya hapo fuata mchanga, utaona maji ya Tana yalivyobadilika rangi, kisha Kipini, kisha visiwa. Unaongeza maili chache tu na unalala salama.

Hesabu_Kwanza

Hiyo 294 yako ina mtego. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 544. Kwa kilomita umepita, kwa maili umepungukiwa na 6. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho cha 1 kimeandika vipimo vyote viwili, 540 na 300, ingawa maili 300 kamili ni karibu kilomita 556. Usiende kwa mkaguzi na safari inayosimama katikati ya namba mbili. Vuka 556 ubishi uishe.

Na kama kuna siku utataka leseni ya Marekani, wao wanadai angalau kituo kimoja cha kutua kiwe maili 250 kwa mstari ulionyooka kutoka ulikoanzia. Malindi–Wilson ni 228. Hata njia yako ya pili haitakusaidia huko.

Rubani_Eastleigh

Mimi ni wa Wilson, wala sioni haja ya kuzunguka. Kazi iko wapi? Ndege za Caravan zinazopeleka wageni Mara na Amboseli zinatoka hapa. Mwanafunzi wa pwani akija hapa mara ya kwanza redioni anapoteza sauti: foleni ya ndege, maelekezo ya haraka, njia za kuingilia ambazo lazima uwe umezisoma. Afadhali uzoee sasa ukiwa mwanafunzi kuliko siku ya usaili. Chukua ya 483.

Mwalimu_Galana

Mwanangu wa Mayungu, marahaba. Nimefundisha watu kusoma njia kwa miaka mingi na nitakujibu kwa kirefu, maana umeuliza swali zuri na sitaki ulichague jibu kwa sababu ya bei peke yake.

Njia ya pwani haikufundishi kujua ulipo. Bahari iko mkono mmoja, nchi kavu mkono wa pili, na mstari wa Manda–Ukunda unapita si mbali na kwenu. Utaruka saa tatu, utaandika saa tatu, na hutakuwa umejiuliza hata mara moja, "Hivi hapa ni wapi?" Swali hilo ndilo unalolipia ada.

Sasa chukua kipande cha Malindi–Voi. Kabla hujaiweka pua magharibi, tazama mdomo wa Sabaki. Maji ya matope yanatoka pale kama mkia wa kahawia ndani ya buluu. Msimu huu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mkia unavutwa kaskazini. Kaskazi ikishika, unarudi Ghuba ya Malindi. Huo mkia unakwambia bahari inasukumwa wapi, na upepo unaoisukuma ndio utakaokusukuma wewe.

Ramani inasema Voi iko nyuzi 265 (magharibi kamili ni 270). Tuseme kusi inavuma maili 20 kwa saa kutoka nyuzi 160. Ukielekeza pua 265 na kutulia, baada ya dakika 52 utakuwa karibu maili 17 kaskazini mwa Voi. Ukitaka kufika Voi, pua iende kushoto nyuzi 10 hadi 11, kwenye 254 au 255, na kasi yako juu ya ardhi itakuwa kama 108.

Upepo halisi hautafanana na ule wa karatasi, kwa hiyo lazima ujisahihishe njiani. Kanuni ya moja kwa sitini iweke kichwani, si kwenye karatasi: nyuzi moja ya kosa inakutoa maili moja kila maili 60. Tuseme umekwenda maili 30 ukajikuta maili 5 kulia kwa mstari. Hapo umekosea nyuzi 10. Ukirudisha 10 tu, utakwenda sambamba na mstari wako na Voi utaikosa kwa maili zilezile 5. Zimebaki maili 64, ongeza nyuzi 5 nyingine. Jumla 15 kushoto, na utafika. Wanafunzi wengi wanasahau hizo 5 za mwisho.

Utajuaje kwamba uko maili 5 kulia, wakati chini ni kichaka kimoja kisichokwisha? Utajua kwa mto. Galana uko kulia kwako njia nzima, na kadiri unavyoingia Tsavo Mashariki mto unatakiwa uzidi kujitenga nawe. Ukiona hausogei mbali, umebaki palepale bawani, basi kusi inakubeba. Usingoje mpaka ufike reli.

Wilson nzuri, ndugu yangu wa Eastleigh ana haki. Lakini Julai asubuhi mawingu ya Nairobi hukaa chini saa nyingi, na kijana amezoea uwanja ulio usawa wa bahari. Pale ni zaidi ya futi 5,500, injini haivuti vile na njia ya kurukia inaliwa haraka. Aende kwanza na mwalimu pembeni yake. Safari ya peke yake naishauri hivi: Malindi–Voi 94, Voi–Ukunda 83, Ukunda–Manda 147, Manda–Malindi 76. Jumla 400. Bara utaipata asubuhi ukiwa na akili mpya, na jioni pwani ikurudishe.

Wa_Manyani

Mwalimu, hizo maili 17 mimi ninazijua kwa miguu yangu. Safari yangu ya kwanza ya Voi niliona reli na barabara ya Mombasa mbele, nikafurahi, nikashuka kutafuta mji. Hakuna mji. Nilizunguka dakika 9 nikitafuta Voi, kumbe niko Manyani, kaskazini yake. Mafuta yalikuwapo, lakini moyo ulikuwa mdomoni, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikujua nigeuke kulia au kushoto.

Tangu siku ile nakosea makusudi. Nalenga maili 4 au 5 kusini mwa Voi. Nikigusa reli najua bila shaka yoyote kwamba Voi iko kulia. Mlima Sagala unakusaidia, uko kusini mwa mji na hauwezi kuuchanganya na kitu kingine.

Mwalimu_Galana

Hilo ndilo. Ila kwa sababu ya huohuo Sagala, ruka futi 6,500, usiwe chini zaidi hadi mji uuone kwa macho.

Dada_wa_Usukani

Mdogo wangu, mimi ni rubani msaidizi kwenye ndege za abiria, na nilianzia hukohuko pwani. Nikujibu la kishikwambi, maana watu watakwambia, "Ndege kubwa zinaongozwa na kompyuta, ramani ya nini?"

Ni kweli kompyuta inaongoza. Lakini kabla hatujaondoka mmoja wetu anasoma mpango wa safari, mwelekeo na umbali wa kila kipande, na mwenzake anaulinganisha na kilichoandikwa kwenye skrini, kimoja baada ya kingine. Kompyuta huenda pale ulipoiambia. Ukikosea herufi moja ya kituo, itakupeleka kwenye kosa hilo kwa utulivu kabisa. Kinachokushtua ni namba isiyofanana na ile uliyoitarajia, na ili utarajie namba, lazima uwe umewahi kuipiga kwa mkono. Hewani nako, kila kituo tunachopita tunaandika saa na mafuta yaliyobaki. Ndiyo kazi ileile unayoifanya na penseli juu ya Tsavo.

Na kishikwambi chenyewe: nilikuwa na saa 90 hivi, nimekiweka juu ya dashibodi, jua la saa sita linapiga kioo. Kikaandika kwamba kimepata joto kupita kiasi, kikazima. Ramani ya karatasi nilikuwa nayo, imekunjwa vizuri ndani ya begi, kiti cha nyuma, nisikoweza kufika. Sitasahau ule weusi wa skrini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kibebe, kiwashe kirekodi njia, kisha kiingize kwenye begi mahali pa baridi. Ramani, saa na penseli viwe gotini. Ukirudi Malindi fungua ile rekodi uilaze juu ya mstari wako. Utaona mwenyewe ulipoanza kusukumwa, na ni dakika ngapi zilipita kabla hujajua. Hizo dakika ndizo za kupunguza safari ijayo. Ukipotea kweli, kitoe. Hakuna aibu, na redio pia iko pale kwa kazi hiyo.

Kijana_wa_Shela

Jambo moja kuhusu mafuta. Usidhani kila kiwanja kina avgas, petroli ya ndege za pistoni. Ndege nyingi zinazokuja kwetu ni za Jet A-1, mafuta ya injini za turbini, na 172 yako hainywi hiyo. Piga simu viwanja vyote vinne siku moja kabla.

Rubani_Eastleigh

Nakubali kuhusu mawingu ya Julai, sikuyafikiria. Lakini mwalimu, msimwache kijana akamaliza leseni bila kuiona Wilson.

Mwana_wa_Mayungu

Wazee wangu, dada, ndugu wa Shela, shukrani sana. Nimepiga mahesabu ya 400. Ni kama saa moja zaidi ya njia ya pwani, na mjomba nimemweleza tukiwa forodhani. Aliniuliza swali moja tu, kama kusi itakuwa ubavuni au usoni. Nilipomwambia ubavuni alitikisa kichwa akasema, "Basi utajifunza," akaendelea kupanga samaki.

Jana mwalimu wangu ameikubali njia. Nimeichora upya kwenye ramani ya 1:1,000,000. Kipande cha Voi kina sentimita 17 na nusu. Kwa kasi ya 108, kila dakika 10 ni maili 18, yaani sentimita 3.3, na nimeweka alama tano. Pua nitaielekeza 252 ili nikosee kusini kama Wa_Manyani alivyosema. Mto uwe kulia na uzidi kwenda mbali. Viwanja nimevipigia simu, na mafuta nitaongeza Ukunda.

Naondoka Jumanne saa mbili asubuhi, Mungu akipenda. Bwawa la Aruba natakiwa nilione upande wa kulia, dakika ya 43.