Mjadala: Baraza kuu la mahakama (grand jury) kule Marekani ni kinga ya raia au kiini macho?

Nyakanga: Wakuu, kesi nzito ya jinai ya shirikisho kule kwa kawaida haifiki kusikilizwa mpaka raia 16 hadi 23 wafungiwe chumbani wasikilize ushahidi, na 12 waseme ashtakiwe. Jaji hakai nao, wakili wa mshukiwa anabaki nje. Haki hiyo?

Mla Mihogo: Muhuri tu. Jaji Sol Wachtler wa New York alishasema tangu 1985, mwendesha mashtaka akiamua, hata sendwichi itashtakiwa. Waingereza wenye mchezo wao waliufuta 1933.

Mama Zuu: Mimi niko huku Marekani, niliitwa, nikakaa humo. Kesi zenyewe sitaji, tuliapishwa. Siku ya kwanza tulibishana mpaka koo zikakauka. Wiki ya pili askari anasoma karatasi iliyoandikwa na mwenzake, sisi tunanyoosha mikono huku tunaulizana mchana tunakula nini.

Shemeji Tanga: Na ile ya Breonna Taylor, mwanamke aliyeuawa na polisi kwake 2020? Wajumbe wenyewe walijitokeza baadaye wakasema shtaka la mauaji hawakuletewa kabisa.

Mla Mihogo: Si ndiyo hayo! Sawasawa na wazee wa baraza wetu, raia wanaokaa na jaji kumshauri, wanasinzia kesi hadi kesi wakisubiri posho.

Kitinda Mimba: Weee! Baba yangu alikuwa mzee wa baraza. Majaji wakija kwa vikao alivaa koti lake la harusi, jua la saa nane, na hakusinzia. Futa.

Mla Mihogo: Pole kwa koti. Maoni yake yalimfunga jaji?

Kitinda Mimba: Hayakumfunga, lakini aliuliza maswali ambayo mawakili wenu waliyakwepa.

Shemeji Tanga: Kenya waliwaondoa 2007. Kwetu Tanzania tangu 2022 jaji anawaita akitaka.

Nyakanga: Jamani, Marekani!

Mama Zuu: Mdogo wangu, wajumbe wa huku angalau wanapiga kura. Huko nyumbani mtu wa kesi ya mauaji hana dhamana, analetwa kwa hakimu asiye na mamlaka ya kuisikiliza, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa mahabusu. Nani anamuuliza mwendesha mashtaka ana nini mkononi?

Mla Mihogo: Hilo sibishi. Ila posho ilikuwa shilingi ngapi?

Kitinda Mimba: Muulize kaka yangu. Koti analo yeye, analivaa misibani.