Msaada wakuu: baiskeli ya gia inanitoa roho mlimani, nibadilishe nini?

MtuWaSoni
Habari zenu wakuu. Nina baiskeli ya mtumba, ile mountain ringi 26, shokapu mbele tu, gia 21. Nakaa Soni, kazi yangu iko Lushoto mjini, wanaoijua ile barabara wanaelewa naongelea nini, ni kona juu ya kona na mlima haukupi nafasi ya kupumua. Kurudi jioni raha mustarehe, shida ni asubuhi, nafika shati limelowa na kuna vipande nashuka nasukuma, wamama wenye mizigo ya mboga kichwani wananipita wananipa pole. Fundi mmoja kaniambia niweke tairi nyembamba, mwingine eti nibadilishe mikono ya pedeli niweke mirefu, wa tatu kasema niuze tu. Bajeti ni ya kuungaunga. Mngekuwa nyie mngeanza na nini?

Kijiwe_Nongwa
Uza nunua boda, uzi ufungwe 😂

Shemeji wa Tanga
Mpe ushauri mwenzio acha utani. Mkuu siku hizi kuna mota za betri za kufunga kwenye baiskeli ya kawaida, unapanda mlima huku unapiga mluzi.

MtuWaSoni
Shemeji hiyo mota bei yake napata baiskeli zingine kadhaa, na umeme wenyewe wa kuchaji ndo huu huu wa kwetu. Tuongee ya uwezo wangu kwanza.

Mzee wa Pedeli
Kabla hujatoa hata mia, fanya kazi ndogo. Hesabu meno ya spoketi zote za mbele, halafu nyuma kwenye friwili, lile rundo la spoketi za nyuma, hesabu ile kubwa kabisa na ile ndogo kabisa. Halafu tuambie ukiwa mlimani cheni inakaa wapi mbele na wapi nyuma. Bila hayo hapa kila mtu atakuwa anapiga ramli.

chuma_cha_pua
Siri ni kuweka cheni kwenye spoketi kubwa ya mbele, inakupa nguvu ya kusukuma, hizo ndogo za mbele ni za tambarare.

Mzee wa Pedeli
Hapana bwana chuma, usimpoteze mtoto wa watu. Mbele na nyuma ni kinyume. Mbele ndogo ndo nyepesi, nyuma kubwa ndo nyepesi. Mlimani unataka ndogo mbele na kubwa nyuma.

DadaWaMilimani
Mimi niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza, siti yako iko juu kiasi gani? Naona vijana wengi wanashusha siti mpaka magoti yanagonga hendo wakidhani ndo usalama, hapo mapaja yanaungua bure. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka KISIGINO kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukirudi kukanyaga kawaida kwa mbele ya mguu, goti linabaki limekunjika kidogo, hapo umepatia. Hiyo ni bure kabisa, spana tu. Na ukiwa kwenye mlima mkali usisimame hovyo, zile shokapu za bei rahisi zinabonyea kila ukikanyaga na nguvu yako inaishia humo, kaa, sogea mbele ya siti, inama kidogo ili tairi la mbele lisinyanyuke.

MtuWaSoni
Nimerudi wakuu. Mbele ni 42, 34 na 24. Nyuma kubwa 28, ndogo 14. Siti dada umeniumbua, iko chini sana kweli 🙈. Kuhusu cheni, mbele inakaa kwenye 42 muda wote, kile kigia cha mkono wa kushoto hakifanyi kazi, waya umeganda kwa kutu ndani ya ganda lake, aliyeniuzia alisema unasumbua na mbele haina umuhimu.

Mzee wa Pedeli
Haaa! Basi ugonjwa tumeupata. Mdogo wangu wewe huna gia 21, una gia 7, na ni zile 7 nzito. Sikia hesabu. 42 gawanya kwa 28 ni 1.5, yani ukizungusha pedeli mara moja tairi linazunguka mara moja na nusu, kwa ringi 26 hapo unasogea kama mita 3 na kidogo. Ukishuka kwenye 24 mbele, 24 kwa 28 ni 0.86, unasogea kama mita 1.75. Maana yake nguvu ya kukanyaga inapungua karibu nusu. Waya mpya na ganda lake ni hela ndogo, halafu fundi arekebishe zile skrubu mbili ndogo za kile kisukuma cheni cha mbele ili isidondokee ndani. Anza na hapo, mengine baadaye.

Kijiwe_Nongwa
Daah kumbe jamaa anapanda Usambara na gia ya kushukia 😂😂 heshima kwako mkuu una mapaja

Mkimbiza_Upepo (Eldoret)
Niaje wasee. Huku kwetu kuna ile climb ya kutoka Kerio Valley hadi Iten, Iten yenyewe iko kama mita 2,400 juu, kwa hivyo najua kuteseka. Ukimaliza hiyo ya waya na bado ni ngumu, tafuta friwili ya 14-34, Shimano wanazo za gia 7, ile ya mwisho ni sahani kubwa hivi. Hapo na 24 mbele unapata 0.71. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, yako ni friwili inayofunguka nzima kwa nyuzi kama nati, ama ni kaseti, yani spoketi za kuchomeka kwa habu? Vifaa vya kufungua ni tofauti, usikubali fundi agonge na patasi. Pili, cheni yako inaweza kuwa fupi. Ipitishe kwa kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwa ule mkono wa gia wa nyuma unaovuta cheni, ncha zikikutana uongeze vipande viwili. Ikiwa fupi na ukose kuongeza, siku utaweka kubwa kwa kubwa ule mkono utavunjika.

chuma_cha_pua
Sasa si aende na 0.5 kabisa iwe nyepesi kama unyoya?

Mzee wa Pedeli
Ina mwisho wake chuma. Kwa hiyo 0.71, ukizungusha mara 60 kwa dakika unaenda kama kilomita 5 kwa saa, huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Ukipunguza zaidi baiskeli inaanza kuyumba, bora ushuke usukume. Gia haikupunguzii mlima, inakugawia tu kidogo kidogo.

DadaWaMilimani
Na tairi je? Soni Lushoto ni lami, yale matairi ya meno makubwa yanavuma tu yanakula nguvu. Fundi wako wa kwanza hakukosea, ukipata ya upana wa inchi 1.5 yasiyo na meno utasikia tofauti, ila subiri haya yaishe. Kwa sasa jaza upepo vizuri, kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Nyanyua kila gurudumu ulizungushe uone kama breki haigusi. Ile mikono mirefu ya pedeli achana nayo.

MtuWaSoni
Asanteni sana. Siti nimeshapandisha, waya nafuata kesho Lushoto. Mzee swali moja, cheni ina kutu na inarukaruka nikikanyaga kwa nguvu, niipake oili chafu ya gari?

Mzee wa Pedeli
Oili chafu inabeba vumbi, usithubutu. Chukua rula ya inchi, pima kutoka pini moja hadi pini ya 24 mbele yake, mpya inatoa inchi 12 kamili. Ikizidi inchi 12 na moja ya nane ujue imeisha, na friwili huenda imeliwa pia, kwa hiyo ukinunua hiyo ya 34 badilisha vyote kwa pamoja. Uliza cheni ya gia 7, usipewe ya baiskeli ya gia moja, ni nene haitaingia.